Timu Isiyo na Kwao

Katika mji wa Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, yupo mtu ambaye hahesabiwi miongoni mwa wajuzi wa kandanda, wala hajapata kualikwa redioni kutoa maoni yake. Mtu huyo ni shabiki. Hana jina moja kwa kuwa ni wengi. Hupatikana katika kibanda cha kutazamia televisheni, kwenye benchi la fundi baiskeli, na sokoni baada ya magunia ya alizeti kupimwa. Timu ya Singida ikishinda, husema maneno machache akaenda zake. Ikishindwa, huketi. Huketi akakichambua kipigo tangu dakika ya kwanza: beki gani aliachia nafasi, kiungo gani alichoka kabla ya wakati, kocha alimtoa nani ambaye haikufaa kutolewa. Kesho yake huanza upya, na wiki inayofuata vipigo vikiwa viwili huvilinganisha kama mwanasheria alinganishavyo kesi.

Wapo watu wenye elimu wanaomcheka. Husema kuwa mtu ambaye hajavaa viatu vya mpira hana haki ya kumhukumu avaaye, na kwamba kandanda ni burudani ya saa moja na nusu ambayo mwenye akili huisahau akifika nyumbani. Kicheko hicho hakina msingi. Mlaji hahitaji kuwa mpishi ili ajue kuwa wali umeungua. Uchambuzi wa shabiki wa Kiomboi una kasoro moja kubwa, nayo hawaitaji wanaomcheka: huutafuta uwanjani ugonjwa ambao ulianzia nje ya uwanja. Akiurekebisha uchambuzi wake mahali hapo, atakuwa na kesi ambayo wenye mamlaka ya mpira hawataweza kuijibu kwa urahisi.

Na uchukuliwe msimu wa 2023/24. Timu iliyobeba jina la mkoa wakati huo iliitwa Singida Fountain Gate. Msimu uliotangulia, ikiitwa Singida Big Stars, ilikuwa imemaliza ligi katika nafasi ya nne chini ya kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, na Januari 2023 ilikuwa imecheza fainali ya Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar, ikafungwa na Mlandege mabao 2 kwa 1. Nafasi ya nne iliipa tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Huko iliitoa JKU ya Zanzibar, kisha ikakutana na Future ya Misri. Ikashinda bao 1 kwa 0 katika mchezo wa nyumbani, ikafungwa 4 kwa 1 ugenini, safari ikaishia hapo. Mchezo huo wa nyumbani haukuchezwa Singida. Ulichezwa Chamazi, Dar es Salaam. Shabiki wa Kiomboi aliyetaka kuiona timu ya mkoa wake ikicheza na Wamisri "nyumbani" alihitaji kusafiri mchana mzima kuifuata.

Hapa shabiki huanza kuchambua, na huanza na makocha. Ana sababu. Katika msimu huo mmoja benchi la timu lilikaliwa na Pluijm, akaja Mjerumani Ernst Middendorp, akaja Mbrazili Ricardo Ferreira, akaja Thabo Senong wa Afrika Kusini, akaja Jamhuri Kihwelo ambaye wapenzi wa mpira humwita Julio. Kila mmoja wao ni mtu wa kazi hii. Lakini mchezaji aliyefundishwa na huyu kusubiri, akaambiwa na yule akimbilie mpira, kisha akaambiwa na wa tatu kuwa yote mawili ni makosa, hawezi kujua afanye nini dakika ya tisini. Shabiki husema hivyo, na husema kweli. Husahau tu kuuliza swali la pili: kwa nini timu ingeweza kubadilisha makocha namna hiyo bila mtu yeyote kulazimika kutoa maelezo? Mahali penye wanachama, mwenyekiti huitwa mkutanoni, hupigiwa kelele, na wakati mwingine huangushwa. Timu isiyo na mkutano humwajibisha nani? Kocha hufukuzwa na barua, na shabiki hupata habari hiyo pamoja na watu wa Bukoba na Mtwara, katika taarifa ileile.

Kisha likaja dirisha dogo la usajili, Januari 2024. Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, na hapo ndipo uchambuzi wa vibandani hupita haraka mno.

Kabla ya dirisha hilo, pamoja na misukosuko yake yote, timu ilikuwa katika nusu ya juu ya msimamo. Mara wachezaji wake kadhaa wa kutegemewa wakahamia timu moja, na kwa wakati mmoja: Marouf Tchakei, Elvis Rupia, Duke Abuya, Joash Onyango na wengineo. Timu waliyohamia ilikuwa Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, ambayo nayo ilikuwa katika ligi hiyohiyo na ikizitafuta pointi zilezile. Kuuza mchezaji si kosa, na klabu kubwa za dunia hufanya hivyo kila mwaka. Ila mtu anayeuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya ada ya mtoto ni mbali na anayelihamisha zizi zima usiku kwenda kwa jirani, kisha asubuhi akawaita watoto wake waje wakame maziwa.

Baada ya hapo vipigo viliandamana. Timu iliyokuwa ikitazama juu ikaanza kuhesabu pointi za kuinusuru isishuke daraja. Shabiki wa Kiomboi aliviandika vipigo hivyo kimoja kimoja, akawalaumu mabeki wapya, akamlaumu golikipa, na siku moja moja akamlaumu refa. Lakini mabeki wapya walikuwa watu waliokutana majuzi. Hawakuwa na kosa jingine.

Wakati huohuo yakatokea mambo mawili ambayo katika nchi yenye desturi imara za mchezo yangezua kesi. Singida Fountain Gate iliuacha uwanja wa Liti uliopo Singida mjini, ikawa inacheza michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza. Na Ihefu, timu ya Mbarali, ikaja kucheza michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa Liti.

Msomaji na azitazame siku mbili za Aprili 2024. Tarehe 13, Ihefu iliikaribisha Simba katika uwanja wa Liti, wakatoka sare ya bao 1 kwa 1. Tarehe 14, Singida Fountain Gate iliikaribisha Yanga kule Mwanza, ikafungwa mabao 3 kwa 0. Kwa hiyo mtu wa Kiomboi aliyeshuka hadi Misigiri Jumamosi asubuhi, akapanda basi litokalo Nzega, akafika Singida kuitazama timu ya nyumbani, aliwaona wachezaji aliowapenda Desemba, katika uwanja aliouzoea, wakiwa wamevaa jezi ya mji wa mbali na jina la bonde la Usangu. Na kesho yake, kilichobaki na jina la mkoa wake kilifungwa kando ya ziwa, mbele ya watu wa Mwanza, ambao hawakuwa na deni lolote kwake.

Mpenzi wa mpira hushikamana na vitu vitatu: jina, uwanja, na watu wanaocheza. Aghalabu vitatu hivyo hukaa pamoja, wala hakuna anayefikiri kuvitenganisha, kama vile hakuna anayefikiri kutenganisha nyumba na ardhi iliyojengwa juu yake. Msimu ule vilitenganishwa. Aliyelipenda jina alitakiwa aende Mwanza. Aliyeupenda uwanja alitakiwa aishangilie Ihefu. Aliyewapenda wachezaji alitakiwa asahau kuwa amewahi kuwaona katika jezi nyingine. Mtu aliyewekwa katika hali hiyo, akiulizwa kwa nini timu yake imeshindwa, ana haki ya kuuliza kwanza: ipi?

Watetezi wa mambo haya wana hoja moja, nayo haifai kudharauliwa. Husema kuwa mpira wa siku hizi hula fedha. Kuwa mishahara, nauli, kambi na posho havilipwi kwa nyimbo. Kuwa mwenye fedha asipoachwa huru kuipeleka timu anakotaka, ataziweka fedha zake kwenye biashara nyingine, na Singida itabaki na uwanja mtupu na kumbukumbu. Hutoa mfano wa Singida United. Timu hiyo ilirudi Ligi Kuu msimu wa 2017/18, ikamaliza ya tano, ikaitoa Yanga kwa penalti katika uwanja wa Namfua, ambao ndio Liti ya leo, kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini, na tarehe 2 Juni 2018 ikacheza fainali Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3 kwa 2. Kocha alikuwa huyohuyo Pluijm. Miaka miwili baadaye ilikuwa ya mwisho katika ligi ya timu 20. Tarehe 11 Machi 2020 ilikuwa imefungwa na Simba mabao 8 kwa 0, na msimu ulipokwisha ikashuka daraja. Mnaona, husema watetezi, timu bila fedha hufa.

Mfano huo unathibitisha kinyume cha wanachotaka. Singida United ilipokuwa ya tano, nguvu yake ilitokana na wachezaji walioletwa kutoka Zimbabwe, Rwanda na kwingineko, pamoja na kocha mgeni mwenye sifa. Kocha alipoondoka mwaka 2018, na wachezaji bora walipoondoka, hapakuwa na kitu chini yao. Hapakuwa na vijana wa Iramba, Mkalama, Manyoni na Ikungi waliokuwa wakisubiri zamu. Fedha zilikuwapo, zikajenga paa bila kuta. Na jengo lilipoanguka, somo lililochukuliwa lilikuwa kwamba mara nyingine iletwe timu nzima, tayari imeezekwa! Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022, timu ya DTB ilipopanda Ligi Kuu ikapewa jina la Singida Big Stars. Watangazaji waliwaita wachezaji wake Walima Alizeti. Jina zuri, lakini mlima alizeti wa kweli, pale Kinampanda au Ndago, hupanda mbegu kabla ya kuvuna.

Tofauti na hayo, historia ya ligi ya Tanzania imeona miji midogo ikifanya mambo makubwa kwa nguvu ya kwao. Tukuyu Stars ilitoka katika mji wa chai na ndizi, ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Coastal Union ya Tanga iliutwaa mwaka 1988. Mtibwa Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kule Turiani, iliutwaa mwaka 1999 na 2000 mfululizo. Hazikuwa timu tajiri zote, na baadhi zimeanguka tangu wakati huo. Lakini zilipoanguka zilianguka kwao. Mzee wa Tukuyu anaweza kuionyesha timu yake iliposhukia. Hilo si jambo dogo. Kushindwa kwa mtu aliye kwao huleta aibu, na aibu huleta juhudi, kwa kuwa mchezaji atakutana na kinyozi wake kesho. Mchezaji aliyefungwa 3 kwa 0 "nyumbani" Mwanza, kwa ajili ya mkoa ambao hakai, atakutana na nani?

Haki inataka shabiki naye asiachwe bila lawama. Siku Simba au Yanga inapokuja Singida, uwanja wa Liti hujaa, na sehemu kubwa ya wanaojaa huvaa nyekundu au njano na kijani. Katika vibanda vya Kiomboi hali ni hiyohiyo. Wengi wana timu mbili: moja ya moyo, iliyopo Dar es Salaam, na nyingine ya adabu, iliyopo mkoani. Mwenye timu ameliona hilo. Anajua kuwa akiihamisha, wengi watanung'unika kwa wiki moja, kisha watarudi kubishana habari za Kariakoo. Uwanja ule umepewa jina la Liti, mwanamke wa Kinyaturu asimuliwaye kuwa aliwapiga Wajerumani kwa kuwatumia nyuki, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Timu inayoucheza imehamishwa, imebadilishwa majina, imegawanywa, na hata nyuki mmoja hajaruka.

Kwingine waliruka. Kule London, mwaka 2002, wakuu wa klabu ya Wimbledon waliruhusiwa kuihamishia Milton Keynes, mji ulio mbali na mashabiki wake. Mashabiki hawakubaki vibandani wakihesabu vipigo. Mwaka huohuo waliunda klabu yao, AFC Wimbledon, ikaanza katika madaraja ya chini kabisa, na kufika mwaka 2011 ilikuwa imeingia katika ligi ya kulipwa. Timu iliyohamishwa ilibadilishwa jina mwaka 2004. Wale waliokuwa wameambiwa kuwa mpira ni fedha walionyesha kuwa fedha zinaweza kuchukua wachezaji, zinaweza kuchukua hata nafasi katika ligi, lakini mwenye klabu ni nani ni swali ambalo halijibiwi benki. Atakayesema kuwa Iramba si London amesema kweli. Lakini walichokuwa nacho watu wale siku ya kwanza kilikuwa daftari la wanachama, na daftari hupatikana Kiomboi.

Sheria ya Tanzania yenyewe imekwisha kulikubali wazo hili, kwa nusu. Kanuni za serikali za mwaka 2017 zilitaka klabu ya wanachama ikigeuzwa kampuni, wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa, na mwekezaji asipewe zaidi ya 49. Simba na Yanga zimebishana juu ya kanuni hiyo kwa miaka. Lakini kanuni hiyo humlinda aliye mwanachama tayari. Klabu iliyonunuliwa ikiwa nzima, isiyo na mwanachama hata mmoja mkoani, haina wa kumpa hizo 51. Ndiyo maana shabiki wa Simba anaweza kupeleka kesi, na shabiki wa Singida anaweza kupeleka malalamiko kwa fundi baiskeli.

Hapana budi basi shirikisho la mpira liulizwe mambo mawili. Kwa nini timu iliyoanza msimu katika mji mmoja iruhusiwe kuumaliza msimu huo katika mji mwingine, ilhali uwanja wake wa kwanza haukuwa mbovu, kwa ushahidi kwamba timu nyingine ilikuwa ikiutumia? Na kwa nini jina la mkoa, ambalo si mali ya mtu, litolewe kwa kila anayelitaka bila sharti lolote, hata la kulea vijana wa mkoa huo? Mtu hawezi kufungua duka la dawa bila kibali, wala kuchimba kisima bila kuulizwa. Jina la Singida limevaliwa na kuvuliwa mara nne tangu 2017, na wenyeji hawakuulizwa hata mara moja.

Yatasemwa kuwa yote hayo yamepita. Baada ya msimu ule, Fountain Gate iliondoa neno Singida katika jina lake, ikahamia Babati. Ihefu ikabaki Liti, ikajiita Singida Black Stars. Tangu hapo imefanya vizuri. Ilimaliza ya nne msimu wa 2024/25, ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga Zanzibar, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2 kwa 1. Kiomboi kulikuwa na shangwe. Shabiki aliyekaa misimu mingi akichambua vipigo ameanza kuchambua ushindi, na ni vigumu kumnyima furaha aliyoingoja.

Lakini ushindi huo nao uchambuliwe kwa kipimo kilekile. Tarehe 29 Novemba 2022, Yanga ilikuwa imecheza michezo 49 ya ligi bila kufungwa. Siku hiyo ilikwenda Ubaruku, Mbarali, katika uwanja wa Highland Estates, kati ya mashamba ya mpunga, ikafungwa na Ihefu 2 kwa 1. Oktoba 2023 ikafungwa tena na Ihefu, kwa mabao yaleyale. Wakulima wa Usangu walikuwa na timu ambayo nchi nzima iliiogopa, iliyobeba jina la ardhi oevu ya kwao. Miezi michache baadaye michezo yake ya nyumbani ilikuwa Singida, na kabla ya msimu mwingine kuanza jina lenyewe lilikuwa limefutwa. Alichofanyiwa mtu wa Kiomboi mwezi Januari, mtu wa Ubaruku alifanyiwa mwaka huohuo, na ngawira ndiyo iliyoletwa Liti. Kule Ubaruku nako kuna benchi la fundi baiskeli, na wanaoketi hapo hawana hata vipigo vya kuchambua.